Jarida la Mtu Anayevua Popote

Baba yangu alivua samaki maisha yake yote katika nchi ya watu wasiokula samaki. Kwetu Kasikeu, ukiwauliza wazee habari za samaki watakuangalia kana kwamba umewauliza wanavyopika nyoka. Siku hizi vijana wanakula, tilapia wa kukaangwa wanapatikana hadi sokoni, lakini mama yangu, Mungu amlaze pema, alikufa bila kumwonja, na sufuria zake pia. Baba alikuwa na sufuria yake moja nyeusi nyuma ya nyumba, na mafiga yake, na chumvi yake kwenye mkebe. Akirudi na kambale anampika huko mwenyewe, anamla huko huko amechuchumaa, ananawa kwa sabuni ya kufulia, ndipo anaruhusiwa kuingia ndani kukaa na watu wenye akili. Hayo ni maneno ya mama, si yangu. Mimi nilikuwa upande wa baba, ingawa samaki mwenyewe sikumgusa.

Ugonjwa huo wa kuvua aliutoa kazini. Alikuwa dereva wa greda, wale wanaotengeneza barabara na kulala kwenye mahema mahali ambapo lami haijafika. Jioni wenzake wakienda kutafuta pombe, yeye alitafuta maji. Alivua Tana, akavua Naivasha, akavua kwenye vijito vya baridi vya Mlima Kenya ambako kuna trauti, na barabara ilipompeleka Kilifi akavua baharini akiwa amesimama kwenye mawe na suruali imekunjwa. Alipostaafu akarudi Makueni na kuanza kuyafuata mabwawa, mpaka lile la juu kule Mbooni, anapanda mlima na fimbo yake ya kuvulia begani, watu wa shamba wanamsalimia huku wakisikitika. Wapo wavuvi wa samaki mmoja, wanamjua huyo tu na hawataki mwingine. Baba hakuwa hivyo. Palipo na maji, anatupa ndoano. Kinachotoka, anashukuru.

Halafu figo zikamwangusha.

Nilimhamisha kutoka Kasikeu nikamleta kwangu Migwani, ambako nina duka la nafaka, kwa sababu kutoka Migwani naweza kumfikisha Kitui mjini kwa ile mashine ya kusafisha damu. Mara mbili kwa wiki. Jirani yangu mwenye gari la Probox alikuwa anatuchukua asubuhi na kutungoja. Baba anawekwa kwenye kiti kirefu, anachomwa sindano mbili nene za mkononi, damu inatoka upande huu, inazunguka kwenye mashine, inarudi upande ule, na mkono huo hausogezwi mpaka mwisho. Nusu ya siku inakwisha hivyo. Mtu aliyezoea kukaa kando ya mto siku nzima angeweza kuvumilia, si ndiyo? Nilifikiri hivyo. Lakini mtoni alikuwa anangojea kitu. Pale hakuwa na cha kungojea, alikuwa anaangalia dari tu, na kila tukirudi nyumbani alikuwa amepungua maneno.

Sasa lazima niseme jambo moja, la sivyo hamtaelewa yaliyofuata. Mimi nina jina la mama yake. Kwetu mtoto akipewa jina la mtu, hapewi jina peke yake, anapewa na heshima yake. Tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni baba aliniita mwaitu, yaani mama. Si kwa mchezo. Ndugu zangu walichapwa na baba. Mimi hakunichapa hata siku moja, kwa sababu angekuwa anamchapa mamake. Nikiwa mtoto nikimwambia, "Leo usiende mtoni," mzee mzima anasimama mlangoni na ndoano zake, ananiuliza taratibu, "Kwa nini, mwaitu?" na nisipokuwa na sababu ya maana ndipo anaenda. Majirani walikuwa wakicheka mpaka wanashika mbavu. Nikakua nikiwa na kiburi kidogo cha hilo jina, siwezi kukataa.

Basi, nikaanza kumtafutia kitu cha kumshika pale kwenye kile kiti. Nilijaribu simu. Nikamwekea video za wavuvi, akatazama mbili, akanirudishia. "Samaki anashikwa kabla sijakaa vizuri," akasema. "Hawa hawavui, wanaokota." Na macho yake yalikuwa yakiuma kwa ule mwanga. Akataka karatasi. Kitu cha kukunja, cha kuweka kwenye goti, cha kurudia ukurasa. Akasema, "Kama kuna gazeti la uvuvi, mwaitu, niletee." Ilikuwa mara ya kwanza kuomba kitu tangu aje kwangu. Ningeenda kulitafuta hadi Uingereza kwa miguu.

Kitui mjini, si mbali na stendi, kuna mama anayetandaza vitabu vya mitumba kwenye turubai. Nikamwendea.

"Uko na jarida la samaki?"

"Liko! Tena jipya, chukua."

Akanipa lenye picha ya bwana aliyevaa tai, amesimama kando ya kidimbwi cha nailoni, ameshika tilapia na kutabasamu kama ameoa. Hata sikulifungua, nikalikimbiza hospitali. Hilo ndilo kosa la huku kwetu. Tangu miradi ya vidimbwi iletwe, mtu akisema samaki anaeleweka kuwa anataka vifaranga, nailoni na chakula cha kuelea. Hakuna anayefikiri juu ya mtu anayeamka kwenda mtoni kwa hiari yake na kurudi mikono mitupu akiwa amefurahi. Baba alilifungua kwa ule mkono wake mzima, akalisoma kwa adabu mpaka mwisho.

"Mwaitu," akasema, "huyu samaki anapigiwa mluzi anakuja. Amelishwa asubuhi. Mimi nimtegee nini?"

Muuguzi alicheka. Mimi nilikasirika, nikarudi kwa yule mama kumwambia kwamba ameniaibisha.

"Pole basi," akasema. "Kwani wewe ulitaka samaki gani?"

"Wa kuvuliwa!"

"Ai! Na ungesema."

Akanitafutia la pili kwenye robota lililokuja kutoka Nairobi. Hilo lilikuwa la trauti peke yake. Wazungu wamevaa viatu vya mpira vinavyofika kifuani, na kurasa nyingi za wadudu waliotengenezwa kwa manyoya ya ndege. Baba alivua trauti kwa nyungunyungu, na jarida hilo lilimzungumzia nyungunyungu vile kanisa letu linavyozungumzia pombe ya busaa. "Kumbe nilikuwa mwenye dhambi," baba akasema, akalifunga. La tatu lilikuwa la bahari, mashua zenye injini kubwa kuliko duka langu. Alilitazama kama mtu anavyotazama harusi ya watu asiowajua. La nne lilikuwa la samaki mmoja mnene mwenye midomo mikubwa, ambaye wanaume wanalala kwenye hema wiki nzima kumngojea. Wakimpata wanampima uzito, wanapiga naye picha, na wengine wanambusu. Kisha wanamrudisha majini.

"Wanambusu?" baba akauliza.

"Wanambusu, baba."

"Halafu wanamwacha aende?"

"Aende zake."

Alicheka mpaka mashine ikaanza kulia na muuguzi akaja mbio. Nilikuwa sijasikia kicheko hicho tangu mazishi ya mama, ambako pia alicheka mahali pasipofaa. Nilifurahi, haki ya Mungu, nilifurahi kama mjinga. Lakini kicheko hicho kilikuwa cha siku moja, na jarida lenyewe hakulifungua tena.

Hapo ndipo nilipokaa chini kufikiri. Nilikuwa nanunua kwa jalada. Mimi, mwanamke anayenunua pojo kwa magunia! Mkulima akiniletea gunia siangalii za juu, za juu huwa nzuri siku zote. Nasukuma mkono hadi ndani nitoe za katikati. Nikaamua kuyafanya majarida hivyo hivyo. Nikachuchumaa kwenye turubai la yule mama nikawa nafungua katikati. Kama picha zote ni za samaki wa aina moja, weka kando. Kama kila ukurasa wa pili unauza kitu, weka kando, baba hanunui fimbo tena. Nikatafuta ukurasa unaoonyesha mikono ikifunga fundo, kwa sababu najua mtu wa mafundo akiona fundo geni hawezi kulipita. Nikatafuta barua za wasomaji na picha zao, watu wa kawaida wenye kofia mbaya na samaki wadogo ambao hawawaonei aibu. Nikatafuta mto, na bwawa, na bahari ya mtu asiye na mashua, vyote ndani ya jalada moja.

"Mama, sasa huyu mtu wako anavua nini hasa?" mwenye vitabu akaniuliza, amechoka na mimi.

"Anavua popote."

"Popote wapi?"

"Popote palipo na maji! Hata ukimwaga ndoo hapa atatupa ndoano."

Lilikuwa chini kabisa, jalada limechanika, la miaka ya nyuma. Nililifungua katikati nikakutana na mkunga, yule samaki anayefanana na nyoka. Ukurasa mzima wa mkunga, mrefu, mweusi, anang'aa. Nikajua nimefika. Kwa sababu zamani baba alimvua mkunga Mto Athi akamleta nyumbani akiwa hai kwenye ndoo, na mama akamwona, akatoka na kitenge chake na Biblia yake, akaenda kulala kwa jirani. Hakurudi mpaka baba alipopeleka wazee wa kanisa wakamhakikishie kwamba yule si nyoka. Na wazee wenyewe hawakuwa na uhakika.

Baba alilishika lile jarida kwa muda bila kufungua kurasa nyingine. Halafu akasema, "Huyu ndiye." Likawa lake. Ndani mlikuwa na mtu anayevua mfereji nyuma ya kiwanda, na mwingine anayevua baharini kutoka kwenye mawe, na kila mwezi wa mwaka ulielezwa ni samaki gani na chambo gani. Alianza kubishana nalo. "Hapana, hapa amekosea. Chambo hiki kinatoka." Akamwomba muuguzi uzi, akawa anafunga fundo kwa mkono mmoja na meno, na wagonjwa wa viti vya jirani wakawa wanamwangalia. Wakati tunaondoka akaniambia lile neno nililokuwa nalisubiri bila kujua. "Mwaitu, ukipata la mwezi unaofuata, niletee."

Mtu anayeuliza la mwezi unaofuata anataka kuuona mwezi huo. Ndivyo nilivyojiambia kwenye gari, na nililia kidogo nikiangalia dirishani ili jirani yangu asione. Nikamwagiza yule mama wa vitabu, akapata jingine, na jingine tena, si kwa mpangilio, mwezi wa nane kabla ya wa tatu, lakini baba hakujali. Kila siku ya mashine nilikuwa na jipya kwenye kikapu. Nilikuwa nalitoa akishachomwa sindano, kama mtu anayetoa zawadi.

Ilienda hivyo miezi kadhaa. Kisha mwili ukaanza kukataa. Presha inashuka akiwa kwenye kiti, miguu inakaza mpaka anauma shuka, anatapika njiani, jirani anasimamisha gari kando ya barabara na kugeukia upande mwingine kwa heshima. Akifika nyumbani nilikuwa namkunja kitandani kama nguo iliyokamuliwa. Siku zinazofuata anaanza kupata nguvu, na kabla hazijarudi vizuri ni mashine tena. Mikono ikawa haina mahali pa kuchoma. Daktari alikuwa mwungwana, hakunidanganya. Alisema wanaweza kuendelea, na alisema kuendelea si kupona. Mimi nilisikia lile neno la kwanza tu.

Jioni moja nilikuwa nachambua ndengu mlangoni, yeye amekaa kitandani na jarida kwenye goti. Akaniita.

"Umesoma hapa wanapoeleza vile samaki anarudishwa majini?"

"Sijasoma."

"Hawamtupi. Wanamshika chini ya maji, kichwa kimeelekea kule maji yanakotoka, hawambani. Wanangoja. Akipata pumzi anaenda mwenyewe." Akanionyesha kwa mikono yake, na ile mikono ilikuwa na madoa meusi ya sindano mpaka kwenye kiwiko.

Nikaona maneno yake yanakoelekea. Hasira ikanipanda mpaka masikioni. "Baba, wewe si samaki."

"Sijasema mimi ni samaki," akasema. "Nimesema nimechoka."

Nikaacha ndengu. Nikamwambia mambo mengi, mengine ya akili na mengine ya upuuzi. Nikamwambia kuna la mwezi wa kumi yule mama ameniwekea. Nikamwambia alikuwa anaendelea vizuri, alikuwa anacheka, alikuwa anabishana na wazungu kuhusu chambo. "Uliniambia nikuletee la mwezi unaofuata! Ulisema mwenyewe!"

"Ulikuwa unafurahi ukiyaleta," baba akasema.

Alikuwa anasema polepole, bila kunilaumu, kama anaelekeza mtu njia. Akasema majarida ni mazuri, hasa lile la mkunga, lakini yeye alikuwa amechoshwa na mashine kabla sijapata hata lile la kwanza. Alikuwa ameniangalia nikikimbia mjini na kikapu, nikigombana na watu kwa ajili ya karatasi, akaona hawezi kuniambia. "Ungekuwa mtoto mwingine ningekataa zamani," akasema. "Lakini wewe nikukataliaje, mwaitu? Ukisema tuende, tunaenda."

"Basi kesho tunaenda," nikasema.

"Sawa, mwaitu."

Nikatoka nje nikasimama kwenye uwanja. Niliwachukia watu wote. Niliwachukia waliompa mtoto mchanga jina la bibi yake bila kufikiri kwamba siku moja mwanaume atamtegemea huyo mtoto amwambie afe au asife. Nilimwita bibi yangu, ambaye sikumjua kabisa, nikamwambia aje achukue jina lake.

Asubuhi niliamka nimeamua kwamba tunaenda. Nilikuwa na hoja zangu zimepangwa endapo atabisha. Nikaingia chumbani kwake na hoja zangu.

Hakubisha. Alikuwa ameshavaa. Sijui alianza saa ngapi, mtu ambaye kifungo kimoja kilikuwa kinamchukua muda wa kuchemsha chai. Shati amefunga hadi juu, koti, kofia. Viatu vyake vya ngozi vya kanisani, ambavyo miguu yake iliyovimba ilikuwa haijaviingia tangu afike kwangu, alikuwa amevivaa na kuvifunga kamba. Amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono kwenye magoti, akiningoja niseme. Jasho lilikuwa linamtiririka. Alinitazama vile mtoto anavyomtazama mamake anapotaka kujua kama amevaa vizuri.

Jirani akapiga honi.

Nilitembea hadi kwenye gari. Sikumbuki kufungua geti. Jirani akashusha kioo.

"Mzee yuko tayari?"

"Yuko tayari."

"Nije nimshike mkono?"

"Hapana," nikasema. "Rudi tu. Hatuendi."

Akanitazama. Ni mtu mzuri, alinielewa haraka kuliko nilivyotaka. "Basi nije lini? Ile siku nyingine?"

"Hata hiyo siku nyingine usije."

Alizima injini, akasema pole, akaiwasha tena. Nilibaki getini mpaka gari likapotea kwenye kona ya sokoni, kwa sababu kama lingegeuka ningelipungia mkono lisimame. Halikugeuka. Nikarudi ndani.

Alikuwa amesikia gari likiondoka. Nilimkuta ameshavua kiatu kimoja na anahangaika na kamba ya cha pili. Nikapiga magoti nikamvulia.